Michoro ya Lissajous Darasani: Osiloskopu, Istilahi za Kiswahili na Ufundishaji wa Dhana ya Awamu

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mwalimu wa fizikia anavyoweza kutumia osiloskopu kuonyesha michoro ya Lissajous, na kwa njia hiyo kufafanua dhana mbili zinazowatatiza wanafunzi wengi wa sekondari: marudio na awamu. Maelezo yanaanza na chimbuko la michoro hiyo katika karne ya 19, yanapitia istilahi za Kiswahili zinazohitajika, kisha yanafuata hatua za somo lenyewe: kutoka chupa ya mchanga inayoning'inia kwenye kamba hadi kipimo cha awamu katika sakiti ya kikinza na kapasita. Hoja kuu ni kwamba umbo litangulie kuonekana, jina lifuate, na hesabu ije mwisho. Aidha, makala inadai kwamba mchoro unaoyumba na kukataa kutulia, ambao walimu wengi huuona kuwa kasoro, ndio sehemu ya somo yenye manufaa makubwa kuliko zote.

Maneno makuu: osiloskopu, michoro ya Lissajous, marudio, awamu, istilahi, ufundishaji wa fizikia

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukokotoa tofauti ya awamu kati ya volteji mbili, akapata jibu sahihi hadi desimali ya pili, na bado akashindwa kueleza kwa maneno yake mwenyewe ni kitu gani hasa kinachotofautiana. Hali hiyo haitokani na uzembe. Urefu hupimwa kwa rula, uzito kwa mizani, na joto kwa kipimajoto. Awamu ni uhusiano wa vitu viwili vilivyo katika mwendo, na uhusiano hauonekani mpaka upatikane uwanja ambamo vyote viwili vinaacha alama kwa pamoja. Mchoro wa Lissajous ni uwanja wa namna hiyo.

Ugumu wa dhana unaongezewa uzito na ugumu wa lugha. Katika nchi za Afrika Mashariki, fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza au, kama ilivyo Burundi, kwa Kifaransa. Mwanafunzi hukutana na jambo geni na neno geni kwa wakati mmoja, na mara nyingi hubaki na neno bila jambo. Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia ni mpana na hautatuliwi na makala moja. Hata hivyo, kuna swali dogo linaloweza kujibiwa kwa vitendo: je, Kiswahili kinaweza kulieleza somo kama hili tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na vipimo vyake, bila kupoteza usahihi? Makala hii inajibu swali hilo kwa kulieleza somo lenyewe.

2.0 Chimbuko la michoro

Jules Antoine Lissajous alizaliwa Versailles, Ufaransa, mwaka 1822 na kufariki mwaka 1880. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya Lycée Saint-Louis mjini Paris. Alitafuta njia ya kuitazama mitetemo ya sauti kwa macho badala ya kuisikiliza tu, na mwaka 1857 alichapisha maelezo marefu ya mbinu yake.

Kifaa chake kilikuwa rahisi. Alichukua uma wa sauti mbili, yaani vyuma vyenye meno mawili vinavyotoa sauti ya kimo kimoja vinapogongwa, akabandika kioo kidogo kwenye ncha ya kila kimoja. Uma mmoja aliuweka utetemeke wima, wa pili utetemeke kwa ulalo. Mwali wa mwanga uliangukia kioo cha kwanza, ukaakisiwa hadi cha pili, kisha ukatua kwenye skrini. Kila kioo kiliusogeza mwanga katika upande wake, na doa la mwanga likachora umbo lililobeba habari za mitetemo yote miwili. Kwa kuwa doa lilikwenda haraka kuliko jicho linavyoweza kulifuata, watazamaji waliona mstari mmoja unaong'aa.

Miaka zaidi ya 40 kabla yake, mwaka 1815, Nathaniel Bowditch wa Salem, Massachusetts, alikuwa amekwisha kuchunguza michoro ya aina hiyo katika mwendo wa pendulamu. Ndiyo sababu baadhi ya vitabu huiita michoro ya Bowditch. Mchango wa Lissajous ulikuwa kuigeuza michoro hiyo kuwa chombo cha kupimia. Uma wa sauti mbili zikitofautiana hata kidogo, umbo la mwanga halitulii: linajigeuza polepole, na kasi ya kugeuka inaonyesha ukubwa wa tofauti. Jambo hilo lilikuwa na manufaa ya moja kwa moja. Wakati huo vikundi vya muziki vya Ulaya havikuwa na kimo kimoja cha kulinganishia ala, na mwaka 1859 Ufaransa iliweka kimo rasmi cha mitetemo 435 kwa sekunde. Lissajous alikuwa miongoni mwa wajumbe wa tume iliyotayarisha uamuzi huo.

Uma wa sauti na vioo vilipata mrithi mwaka 1897, Karl Ferdinand Braun alipotengeneza neli ya miali ya kathodi. Katika neli hiyo, na katika osiloskopu zilizotokana nayo, kinachosogezwa ni mwali wa elektroni, na kinachousogeza ni volteji. Kanuni ya mchoro ilibaki ile ile: mwendo mmoja kwa ulalo, mwingine kwa wima, na doa moja linalotii yote miwili.

3.0 Istilahi zinazohitajika

Somo hili linahitaji istilahi chache, lakini kila moja inahitaji uangalifu kwa sababu maneno yanayopatikana tayari yana kazi nyingine katika lugha.

Ya kwanza ni marudio, yaani idadi ya mara ambazo mtetemo unajikamilisha katika sekunde moja. Kizio chake ni hezi, kilichopewa jina la Heinrich Hertz. Katika utangazaji limezoeleka neno masafa. Neno hilo lina udhaifu darasani kwa kuwa maana yake ya kawaida ni umbali, na mwanafunzi anayejifunza mawimbi anahitaji kutenganisha kabisa umbali kati ya kilele na kilele na idadi ya vilele kwa sekunde. Marudio linasema kile kinachohesabiwa.

Ya pili ni upeo wa mtetemo: umbali mkubwa kabisa ambao kitu kinachotetemeka hufikia kutoka mahali pake pa utulivu. Katika osiloskopu, upeo huo ni volteji ya kilele.

Ya tatu, na iliyo ngumu zaidi, ni awamu. Katika matumizi ya kila siku neno hili humaanisha kipindi au zamu, kama katika awamu za uongozi. Maana hiyo haiko mbali na ya kisayansi, kwa sababu awamu ya mtetemo ni hatua uliyofikia katika mzunguko wake. Mafundi umeme, kwa upande wao, hutumia neno fezi, lakini kwao fezi ni waya wenye umeme. Umeme wa fezi tatu hueleweka mitaani kuwa umeme wa nyaya tatu, ilhali kiini chake ni volteji tatu zenye marudio sawa zilizopishana kwa nyuzi 120. Neno la mitaani limebaki, na dhana iliyolizaa imefichika. Kwa sababu hiyo makala hii inatumia awamu kwa dhana, na kuliacha fezi kwa waya.

Mfano wa nyumbani unatosha kuifungua dhana. Watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, marudio ya michi ni sawa: kama mmoja unapiga mara 40 kwa dakika, wa pili nao hupiga mara 40. Lakini mchi wa kwanza ukiwa juu, wa pili uko chini. Michi hiyo imepishana kwa nusu ya mzunguko, yaani nyuzi 180. Kama tofauti hiyo ingekuwa sifuri, michi ingegongana. Mwanafunzi aliyewahi kutwanga anaifahamu tofauti ya awamu kwa mikono yake. Kinachobaki ni kumwonyesha kwamba anaifahamu.

4.0 Hatua ya kwanza: mchanga na kamba

Kabla ya osiloskopu kuwashwa, inafaa mchoro uonekane ukichorwa polepole. Kwa kazi hiyo inatosha pendulamu yenye kamba za umbo la herufi Y. Kamba mbili hufungwa kwenye misumari miwili ya boriti, zikakutana katika fundo. Kutoka kwenye fundo hushuka kamba moja inayobeba chupa ya plastiki iliyopinduliwa. Kizibo cha chupa hutobolewa tundu dogo, na chupa hujazwa mchanga mkavu uliochekechwa. Chini hutandikwa karatasi nyeusi au kitambaa.

Chupa ikibembea sambamba na boriti, inabembea kutoka kwenye fundo. Ikibembea kwa kukatiza boriti, kamba zote zinabembea pamoja, na urefu unaohesabika ni ule wa kutoka usawa wa boriti. Hivyo pendulamu moja ina marudio mawili. Kwa kuwa muda wa mbembeo mmoja hulingana na kipeuo cha pili cha urefu wa kamba, urefu wa sentimita 100 kutoka kwenye boriti na sentimita 25 kutoka kwenye fundo hutoa mbembeo wa sekunde 2 hivi upande mmoja na sekunde 1 upande wa pili. Uwiano wa marudio ni 1 kwa 2. Kwa uwiano wa 2 kwa 3, urefu wa sentimita 90 na 40 unafaa.

Katika mpangilio wa kwanza, chupa ikivutwa kwa mshazari na kuachiwa bila kusukumwa, mchanga huchora upinde kama wa bakuli, chupa ikienda na kurudi katika njia ile ile. Ikiachiwa kwa kusukumwa kidogo upande, upinde hufunguka na kuelekea umbo la nane. Hapo mwalimu anayo nafasi ya kuuliza swali la msingi: kamba hazikubadilika, urefu haukubadilika, uwiano ni ule ule, basi ni nini kilichobadilika hata umbo likawa jingine? Jibu ni hatua ambayo kila mwendo ulikuwa umefikia wakati wa kuanza. Neno awamu linapotajwa sasa, linakuja kukijaza kitu ambacho tayari kina nafasi katika fikra.

Mchoro wa mchanga haudumu. Chupa hupoteza nguvu, na mchanga unapopungua kitovu cha uzito hushuka, hivyo uwiano nao husogea. Upungufu huo ndio unaoleta haja ya chombo kinachoweza kurudia mchoro mara mia kwa sekunde bila kuchoka.

5.0 Kuandaa osiloskopu

Katika matumizi ya kawaida, osiloskopu husogeza doa lake kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo sawa, na volteji hulisogeza juu na chini. Katika hali ya X-Y, mwendo huo wa wakati huondolewa. Chaneli ya kwanza husogeza doa kwa ulalo na chaneli ya pili kwa wima, kama vioo viwili vya Lissajous.

Vifaa vinavyohitajika ni osiloskopu yenye chaneli mbili, kizalisha mawimbi kimoja, na transfoma ndogo inayotoa volti 6. Transfoma hiyo hutoa wimbi lenye marudio ya gridi, ambayo katika nchi za Afrika Mashariki ni hezi 50, na hivyo huondoa haja ya kizalisha mawimbi cha pili. Volti 6 za transfoma zina kilele cha karibu volti 8.5, kiwango kinachofaa kwa chombo hiki.

Tahadhari nne zinahitajika. Kwanza, umeme wa ukutani wa volti 220 hadi 240 usiunganishwe kamwe moja kwa moja na osiloskopu. Transfoma ni ya lazima, na iwe imefunikwa upande wa umeme mkubwa. Pili, klipu za ardhi za chaneli zote mbili zimeungana ndani ya osiloskopu, na kwa kawaida zimeungana pia na waya wa ardhi wa jengo. Klipu hizo zikiwekwa katika sehemu mbili tofauti za sakiti, sehemu hizo zitakuwa zimeunganishwa pamoja, na kipimo kitaharibika au kifaa kuungua. Tatu, katika osiloskopu ya neli, doa likibaki mahali pamoja kwa mwanga mkali huunguza skrini, kwa hiyo mwanga upunguzwe kabla ya kuingia hali ya X-Y. Nne, chaneli zote mbili ziwekwe katika njia ya mkondo mnyoofu. Njia ya mkondo geu huweka kapasita katika mlango wa kuingilia, na kwa marudio madogo kapasita hiyo huongeza tofauti ya awamu isiyotoka kwenye sakiti inayopimwa.

6.0 Marudio sawa: kutoka mstari hadi duara

Mchoro wa kwanza haufai kuwa wa kupendeza. Wimbi moja hupelekwa katika chaneli zote mbili. Skrini huonyesha mstari mnyoofu uliolala kuelekea kulia. Wanafunzi huulizwa kwa nini si wimbi, na jibu sahihi ni kwamba x na y ni sawa wakati wote, hivyo doa haliwezi kutoka kwenye mstari ambapo zinalingana. Chaneli ya pili ikigeuzwa kwa kitufe cha kupindua, mstari hulala kuelekea kushoto. Hiyo ndiyo michi miwili ya kinu: mmoja juu, mwingine chini, tofauti ya nyuzi 180.

Kati ya nyuzi 0 na 180 kuna duaradufu. Ikiwa

x = A sin(ωt)
y = B sin(ωt + δ)

basi δ ikiongezeka kutoka sifuri, mstari hufunguka kuwa duaradufu nyembamba, hunenepa, na kufikia unene wake wote δ inapokuwa nyuzi 90. Pale ambapo A na B zinaonekana sawa kwenye skrini, duaradufu hiyo ni duara kamili. Baada ya hapo hupungua tena, ikiwa imelala upande wa pili.

Duaradufu pekee haisemi ni wimbi lipi linalotangulia, kwa kuwa nyuzi 30 na nyuzi 330 hutoa umbo lile lile. Siri iko katika mwelekeo wa doa, ambao hauonekani likienda kasi. Marudio ya mawimbi yote mawili yakishushwa hadi nusu hezi, doa linaonekana likitembea. Kwa milinganyo iliyotolewa hapo juu, doa likizunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, y inatangulia x; likizunguka kinyume, y inafuata nyuma. Mwanafunzi aliyeliona doa likitembea hana haja ya kukariri kanuni hiyo.

7.0 Uwiano wa marudio

Transfoma sasa huunganishwa na chaneli ya kwanza na kizalisha mawimbi na chaneli ya pili. Kizalisha mawimbi kikiwekwa karibu na hezi 100, umbo la nane lililolala huonekana, pamoja na ndugu zake wote hadi upinde wa bakuli uliochorwa na mchanga. Kikiwekwa hezi 150, mchoro huwa na vichwa vitatu. Kikiwekwa hezi 75, umbo huwa la uwiano wa 3 kwa 2 lenye mikato mingi zaidi.

Kanuni ya kusoma uwiano ni kuhesabu miguso. Mchoro hufikiriwa umewekwa ndani ya mstatili. Idadi ya mara mchoro unapogusa upande wa juu, ikigawanywa kwa idadi ya mara unapogusa upande wa kushoto au kulia, ni uwiano wa marudio ya y kwa marudio ya x. Sababu yake iko wazi: kila mguso wa juu ni kilele kimoja cha y, na kila mguso wa kulia ni kilele kimoja cha x, vikihesabiwa katika muda ule ule ambao doa hurudi lilikoanzia. Kanuni hii ina hali moja ya kuangaliwa. Mchoro ukiwa umejikunja juu yake wenyewe, kama ule upinde wa bakuli ambao doa hupita kwenda na kurudi, miguso hufichana na hesabu hudanganya. Dawa ni kusubiri mchoro ufunguke.

Uwiano huu una maana kwa sikio pia. Sauti mbili zenye uwiano wa 2 kwa 1 husikika kama noti moja katika vimo viwili, na uwiano wa 3 kwa 2 ni miongoni mwa mipatano inayotambulika upesi zaidi. Spika ikiunganishwa na kizalisha mawimbi, darasa linaweza kusikia na kuona jambo moja kwa pamoja.

8.0 Mchoro usiotulia

Mwalimu anayefanya onyesho hili kwa mara ya kwanza hukutana na jambo linalomkera: mchoro hautulii. Umbo la nane linajigeuza, duara linageuka duaradufu, kisha mstari, kisha duaradufu ya upande wa pili. Mara nyingi vifundo huzungushwa kwa haraka, lawama huelekezwa kwa kifaa, na wanafunzi huambiwa wapuuze kuyumba huko na kutazama umbo linapopita. Ushauri huo unatupa sehemu bora ya somo.

Mchoro unayumba kwa sababu uwiano si kamili. Kizalisha mawimbi kikiwa hezi 50.2 na gridi ikiwa hezi 50 kamili, wimbi la kwanza hulitangulia la pili kwa sehemu ya tano ya mzunguko katika kila sekunde. Baada ya sekunde 5 limetangulia kwa mzunguko mmoja mzima, na mchoro umepitia maumbo yake yote na kurudi ulipoanza. Hivyo, kwa marudio yanayokaribiana, tofauti ya marudio ni 1 ikigawanywa kwa sekunde za mzunguko mmoja wa mchoro. Wanafunzi wakiwa na saa wanaweza kuhesabu mizunguko 10 katika sekunde 50 na kutamka tofauti ya hezi 0.2, ambayo si rahisi kuisoma kwenye kifundo cha kizalisha mawimbi cha kawaida.

Swali linalofuata ni lipi lililo juu. Kifundo cha kizalisha mawimbi huongezwa kidogo sana. Mchoro ukizidi kasi, kizalisha mawimbi kilikuwa tayari juu ya gridi na sasa kimezidi kuachana nayo. Ukipungua kasi, kilikuwa chini na kinaikaribia. Hapa mwanafunzi hafuati kanuni aliyopewa. Anafikiri kutokana na anachokiona.

Somo linaweza kusonga hatua moja zaidi. Hata kizalisha mawimbi kikiachwa bila kuguswa, mchoro hubadili kasi, hutulia kwa muda, kisha pengine hugeuka upande wa pili. Gridi yenyewe haina marudio yasiyobadilika: matumizi ya umeme yakizidi uzalishaji, mitambo hupungua kasi kidogo na marudio hushuka, matumizi yakipungua, marudio hupanda mpaka vidhibiti virekebishe. Kizalisha mawimbi nacho kinaweza kusogea kinapopata joto, kwa hiyo mwalimu mwangalifu hukiwasha nusu saa kabla ya kipindi. Baada ya hapo, kinachoyumba kwenye skrini ni kazi ya mitambo iliyo mamia ya kilomita mbali, inayofuata mahitaji ya miji na viwanda. Awamu na marudio hapo si mada za mtihani pekee.

Kuna jambo jingine linaloonekana kwa uvumilivu. Duara la gridi mara nyingi huwa na mabonde madogo pembezoni. Hiyo ni ishara kwamba wimbi la gridi si sini kamili, kwa kuwa vifaa vingi vya kielektroniki huvuta mkondo kwa mafungu karibu na vilele vya volteji.

9.0 Kupima awamu katika sakiti

Hatua ya mwisho ni kutoka kutazama hadi kupima. Kikinza cha kiloomu 10 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 huunganishwa mfululizo na kizalisha mawimbi. Chaneli ya kwanza hupima volteji ya kizalisha mawimbi, ya pili volteji ya kapasita. Kapasita iwekwe upande wa ardhi, ili klipu zote mbili za ardhi zikutane mahali pamoja.

Duaradufu huwekwa katikati ya skrini kwa uangalifu. Hupimwa kimo chake chote, kisha umbali kati ya sehemu mbili inapokata mhimili wa wima. Kutokana na mlinganyo wa y, wakati x ni sifuri y ni B sin δ. Hivyo umbali wa mkato ukigawanywa kwa kimo chote ni sini ya pembe ya awamu. Kwa mfano, kimo kikiwa miraba 6.0 na mkato miraba 4.2, uwiano ni 0.70 na pembe ni karibu nyuzi 44.

Nadharia inasema kwamba volteji ya kapasita hufuata nyuma kwa pembe ambayo tanjenti yake ni 2πfRC. Kwa vifaa vilivyotajwa, matokeo yanayotarajiwa ni haya:

Marudio (hezi) | Uwiano wa mkato kwa kimo | Awamu (nyuzi)
50 | 0.30 | 17
100 | 0.53 | 32
159 | 0.71 | 45
300 | 0.88 | 62
500 | 0.95 | 72

Jedwali hili lisitolewe kwa wanafunzi kabla ya kupima. Wakishapima, tofauti kati ya vipimo vyao na jedwali zitahitaji maelezo, na maelezo mawili yana uzito. Kwanza, vikinza na kapasita za dukani hutofautiana na thamani zilizoandikwa juu yake, na kapasita aghalabu hutofautiana zaidi. Pili, njia yenyewe hudhoofika karibu na nyuzi 90. Uwiano ukisomwa 0.97 badala ya 0.95, pembe huruka kutoka nyuzi 72 hadi 76. Kosa la ukubwa ule ule karibu na uwiano wa 0.30 hubadilisha pembe kwa nyuzi moja tu na kidogo. Mwanafunzi anayelielewa hilo amejifunza kwamba kila kipimo kina mahali kinapoaminika na mahali kinapostahili kutiliwa shaka.

10.0 Shule isiyo na osiloskopu

Shule nyingi za kanda hii hazina osiloskopu, na makala inayopuuza ukweli huo haiwasaidii walimu wengi. Pendulamu ya mchanga inaweza kubeba sehemu ya dhana: uwiano, athari ya awamu, na hata kuyumba kwa mchoro. Shule yenye kompyuta inaweza kutumia programu ya bure inayotoa sauti tofauti katika chaneli ya kushoto na ya kulia na kuzionyesha katika hali ya X-Y. Jedwali la thamani, karatasi ya miraba na penseli navyo vinatosha kuchora umbo la nane nukta kwa nukta. Kisichoweza kupatikana kwa njia hizo ni kuyumba kwa gridi na kipimo cha sakiti halisi. Kwa hayo, osiloskopu moja inayozunguka kati ya shule kadhaa kwa zamu ina faida kuliko osiloskopu moja iliyofungiwa kabatini.

11.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba somo la michoro ya Lissajous linaweza kuendeshwa kwa Kiswahili kuanzia mfano wa kinu hadi kipimo cha nyuzi, na kwamba istilahi zinazohitajika ni chache na zinaelezeka. Mahali ambapo lugha ilikuwa na ugumu, ugumu huo haukutokana na upungufu wa maneno. Ulitokana na maneno kushikwa na maana nyingine, kama masafa na fezi, na dawa yake ni kuyaeleza mbele ya kitu chenyewe. Kamusi huhifadhi istilahi; darasa ndilo linaloipa uhai.

Inapendekezwa kwamba walimu wafuate mpangilio wa umbo, jina na hesabu. Kwamba mchoro unaoyumba usifichwe bali uulizwe maswali. Na kwamba vyuo vya ualimu vya kanda viwape walimu wanafunzi nafasi ya kueleza onyesho la namna hii kwa Kiswahili, hata pale ambapo mtihani utaandikwa kwa lugha nyingine. Mwanafunzi anayeweza kusema kwa nini michi miwili haigongani kinuni, na kwa nini mstari kwenye skrini umelala kushoto, na kwamba majibu hayo mawili ni jibu moja, ameielewa awamu.